Taa Hushikwa Chini

Hotuba kwa vijana Wakristo wanaohitimu vyuo, iliyotolewa mjini Dodoma katika ibada ya kuwaaga

Baba mchungaji, wazee wa kanisa, wazazi mliosafiri kutoka mbali, na ninyi vijana ambao leo mmependeza kwa suti na magauni, ambayo mengine nina hakika yanatakiwa kurudishwa kwa wenyewe kesho asubuhi: Bwana asifiwe.

Nimeombwa nizungumze juu ya namna Mkristo anavyoitegemea imani yake na Maandiko Matakatifu anapotafuta mwelekeo wa maisha. Barua ya mwaliko ilikuwa na mstari mmoja juu yake, ukiwa kichwa cha somo, nao ni Yeremia 29:11: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Sidhani kama yumo mtu humu ndani asiyeujua. Nimeukuta kwenye kioo cha nyuma cha daladala, kwenye kava za simu, kwenye kadi za harusi, na juma lililopita kwenye madigadi ya bodaboda iliyonipeleka Nkuhungu kwa mwendo ulionifanya nizifikirie kwa dhati hizo siku zangu za mwisho.

Siupingi mstari huo, kwa maana ni neno la Mungu kama mengine yote. Ninachoomba ni kwamba kabla hatujaubandika mahali tuusome ulipo, yaani ndani ya barua. Yeremia aliiandika Yerusalemu, ikachukuliwa na Elasa na Gemaria hadi Babeli, kwa watu waliokuwa wamechukuliwa mateka pamoja na mfalme Yekonia mwaka 597 kabla ya Kristo. Watu hao walikuwa na swali lile lile mlilo nalo ninyi leo: twende wapi sasa, na mambo yatanyooka lini? Katika sura inayotangulia, nabii mmoja aitwaye Hanania alikwisha kulijibu swali hilo kwa sauti kubwa, mbele ya makuhani na watu wote, kwamba ndani ya miaka 2 tu mateka wote watarudi na vyombo vya hekalu vitarudishwa. Nadhani kama Hanania angekuwa hai leo angejaza uwanja. Yeremia naye akawaandikia kwamba ni miaka 70, na kwamba kwa sasa wajenge nyumba wakae ndani yake, wapande bustani wale matunda yake, waoe na kuozesha, tena wautakie amani mji ule ule uliowateka, na kuuombea. Maneno tunayoyapenda yanakuja baada ya hayo. Aliyesikia barua hiyo ikisomwa akiwa na umri wa miaka 30 alijua kwamba tumaini linalotajwa mle ataliona mjukuu wake.

Hapa lugha yetu inatusaidia kuliko tunavyodhani. Maandiko yetu hayakusema "ninayokuwazia wewe", yamesema "ninayowawazia ninyi". Kila siku mtu mmoja anakaa peke yake chumbani na simu yake, anausoma mstari uliojaa wingi, anauelewa katika umoja, kisha anashangaa kwa nini kazi haijapatikana. Mungu alikuwa anausemesha umati uliovunjika moyo, akiuambia namna ya kuishi vizuri mahali ambapo haukupenda kuwapo.

Naomba nitoke kwa nabii niende kwa bibi yangu, maana yeye ndiye aliyenifundisha kwanza kwamba Neno ni taa, na alinifundisha kwa taa yenyewe.

Nilipokuwa mtoto kijijini, upande wa Kongwa, tulikuwa tukienda kwenye sala ya alfajiri kabla jogoo hawajamaliza kazi yao. Njia ilishuka kwenye korongo, ikapanda ng'ambo ya pili, na katikati palikuwa na mawe yaliyolegea. Tulikuwa na koroboi iliyotengenezwa na fundi wa pale gulioni kwa kopo la maziwa, yenye utambi wa kitambaa cha kanga kuukuu na mafuta ya taa ya kupimiwa kwa kibaba. Siku ya kwanza niliyokabidhiwa kuibeba nilifanya kama mtoto ye yote angefanya: niliinua mkono juu kadiri nilivyoweza, mbele ya uso wangu, ili nione hadi kanisani. Sikuona kitu. Mwali ulikuwa sawasawa na macho yangu, na nyuma yake kulikuwa na giza zito kuliko kama nisingekuwa na taa kabisa, na pale pale nikajikwaa. Bibi akanishika mkono, akaushusha hadi usawa wa goti, akasema, "Shusha. Hiyo ni ya miguu." Ikatokea duara ndogo ya mwanga juu ya mchanga, hatua mbili, pengine tatu, na mawe yakaonekana moja moja. Tulipopiga hatua, duara nayo ikasogea.

Bibi alijifunza kusoma ukubwani, katika madarasa ya ngumbaru ya miaka ya 1970, na katika Biblia ya Union, ile iliyotoka mwaka 1952, alikuwa akifuatisha kila neno kwa kidole. Aliposoma "Neno lako ni taa ya miguu yangu", hakuhitaji mtu wa kumfafanulia. Aliyetunga zaburi ile hakujua umeme, hakujua tochi wala taa za gari. Taa aliyoijua ilikuwa kijungu cha udongo chenye mafuta na utambi, na mwanga wake haukuizidi koroboi yetu. Tunapoomba Maandiko yatuonyeshe tutaolewa na nani, tutaajiriwa wapi, tutakuwa na nyumba ya namna gani tukifika miaka 40, tunakuwa tumeinua koroboi mbele ya macho.

Nami niliinua. Nilipohitimu ualimu mwaka 1986, nilipangiwa kituo cha mbali, kusini mwa nchi, na miezi michache kabla ya hapo baba yangu alikuwa amepata kiharusi, mkono na mguu wa kulia havifanyi kazi. Mimi ni kifungua mimba. Kulikuwa na nafasi ya kuomba kubadilishiwa kituo, lakini kule kusini nilikuwa nimeahidiwa mambo mazuri, na kwa hakika nilitaka kwenda. Nikaamua kumwuliza Mungu. Nilifumba macho, nikaifungua Biblia, nikaweka kidole. Kidole kikaangukia orodha ya majina katika Mambo ya Nyakati. Nikajiambia kwamba huenda sikuomba kwa imani, nikafungua tena, nikapata kipimo cha mbao za hema. Mara ya tatu, au ya nne, nilipata habari ya mtu aliyesafiri, nikafunga Biblia kwa furaha na kwenda kumpa bibi habari njema kwamba Mungu amesema niende.

Bibi alikuwa akichambua mchele. Hakuinua kichwa. Akaniuliza baba atageuzwa na nani kitandani usiku. Nikasema nitatuma fedha. Akauliza tena swali lile lile, kwa maneno yale yale. Kisha akasema jambo ambalo nimelibeba tangu siku hiyo: "Mjukuu wangu, amri ya tano uliikariri ukiwa na miaka saba. Sasa umekwenda kupiga ramli kwa Biblia ili upate jibu la pili?"

Neno "ramli" liliniuma, maana bibi alilichagua. Alitoka katika ukoo uliokuwa na waganga, na alijua tofauti ya kumwuliza Mungu na kupiga bao. Anayepiga bao anatafuta habari za mbele bila yeye mwenyewe kubadilika. Analipa, anaambiwa, anaondoka akiwa mtu yule yule. Ningeweza kuitumia Biblia hivyo maisha yangu yote nikiamini kwamba mimi ni mtu wa imani sana. Wakati huo huo Paulo alikuwa amekwisha kumwandikia Timotheo, katika ukurasa ambao kidole changu hakikuugusa, kwamba mtu asiyewatunza walio wake, hasa wale wa nyumbani mwake, ameikana imani. Niliomba kubadilishiwa kituo. Nilifundisha shule ya kata jirani, nikilala nyumbani, hadi baba alipofariki miaka minne baadaye. Sitawaambia kwamba kwa sababu hiyo Mungu alinifungulia milango mikubwa, kwa kuwa haikuwa hivyo. Kituo cha kusini alikwenda mwenzangu, akapanda cheo upesi, naye pia ni Mkristo mzuri.

Katika Kumbukumbu la Torati 29:29 Musa anasema, "Mambo ya siri ni ya BWANA, Mungu wetu, lakini mambo yaliyofunuliwa ni yetu sisi na watoto wetu milele, ili tuyafanye." Kama ningeruhusiwa kubandika mstari kwenye madigadi ningebandika huo. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita kutafuta mapenzi ya Mungu ni kubisha hodi kwenye chumba cha mambo ya siri, huku sebuleni mambo yaliyofunuliwa yamekaa yanatusubiri.

Wapo miongoni mwenu watakaoajiriwa ghalani au kwenye ujenzi. Chukulieni kwamba siku moja lori litafika likiwa na mifuko 80 ya saruji, na hati ya kupokea mzigo itakuwa imeandikwa 100. Mkubwa wako wa kazi atakupa kalamu, na wala hatakutisha, atasema kwa upole, "Weka sahihi, dogo, mambo ya kawaida haya." Dereva anataka kuondoka, vibarua wanakutazama, na wewe umebakiza wiki mbili ili uthibitishwe kazini. Saa hiyo huhitaji maono. Huhitaji kufunga siku tatu kumwuliza Bwana kama mifuko 80 ni 100. Taa imekwisha kuwaka na jiwe linaonekana, kwa kuwa imeandikwa usimshuhudie jirani yako uongo. Usichokionyeshwa ni kitakachofuata baada ya kukataa, kama utathibitishwa au utafukuzwa, na Maandiko hayasemi. Hiyo ndiyo hatua ya nne, na mwanga umeishia kwenye ya tatu.

Najua mtaniuliza juu ya yale mambo ambayo hayana amri. Nisome shahada ya pili au nianze biashara? Nikubali kazi ya Mwanza au ya Mtwara? Nimwoe huyu dada, ambaye anampenda Bwana, au yule, ambaye naye anampenda Bwana? Hapo napenda kuwasomea Matendo ya Mitume sura ya 16, kwa sababu inatuonyesha mtume mwenyewe akiwa hajui pa kwenda. Paulo na wenzake walitaka kuhubiri Asia, jimbo la Warumi la wakati ule, wakakatazwa na Roho Mtakatifu. Wakajaribu kwenda Bithinia, wakazuiwa. Luka haelezi walizuiwaje, kama ni kwa ndoto, kwa ugonjwa au kwa barabara mbovu, wala haelezi kwa nini. Wakatelemka hadi Troa, ufukweni, na mbele yao ni bahari. Usiku Paulo akamwona mtu wa Makedonia akimsihi, "Vuka, uje Makedonia utusaidie."

Sasa angalieni kinachofuata. Aliyeona maono ni mmoja, lakini Luka anaandika kwamba "tuliona hakika ya kwamba Mungu ametuita". Tuliona, kwa wingi. Paulo aliamka akawaeleza Sila, Timotheo na Luka, wakayapima pamoja na milango miwili iliyofungwa, na pamoja na agizo ambalo walikuwa nalo tangu mwanzo la kuihubiri Habari Njema, ndipo wakatafuta chombo cha kuvukia. Na walipofika Filipi hawakumkuta mwanamume yule wa kwenye maono. Walikuta wanawake wamekutana kando ya mto, mmoja wao akiwa Lidia, mwuza rangi ya zambarau, na siku chache baadaye Paulo na Sila wakapigwa bakora wakatiwa gerezani, miguu ikafungwa kwa mkatale. Mtu akikuambia kwamba utaijua njia ya Mungu kwa kuwa mambo yatakuwa yananyooka, mpeleke Filipi.

Huo wingi wa "tuliona" nauomba mwondoke nao, kwa sababu huko mwendako mtakutana na watu watakaotaka kuona kwa niaba yenu. Tarehe 1 Februari mwaka 2020, pale Moshi, watu 20 walikanyagana hadi kufa uwanjani wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyosemwa kuwa ya upako. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola huko Kilifi, Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, ya watu walioshawishiwa kufunga kula hadi kufa ili wakutane na Yesu, na miongoni mwao walikuwamo watoto wengi. Hawakuwa watu wasiopenda Biblia. Walikuwa wanaipenda mno, ila walimwachia mtu mmoja kuishika taa, wakatembea gizani nyuma yake. Waberoya, wale watu wa mji wa Beroya katika Matendo ya Mitume sura ya 17, hawakumpa nafasi hiyo hata Paulo. Walilipokea neno kwa uelekevu wa moyo, kisha wakayachunguza Maandiko kila siku waone kama mambo hayo ndivyo yalivyo, na Luka anawaita waungwana kwa sababu hiyo. Nabii atakayechukizwa unapofungua Biblia kumhakiki amekwisha kukujibu.

Kuna habari moja ambayo nimekuwa nikiitafakari kwa miaka mingi, na inauhusu mji huu kidogo. Pale Chuo Kikuu cha St John's, ambapo baadhi yenu mmesoma, palikuwa Shule ya Mazengo, na kabla ya Mazengo palikuwa Shule ya Alliance. Katika miaka ya 1950 alifundisha pale kijana kutoka Kigezi, Uganda, aitwaye Festo Kivengere, mtu wa Uamsho, wale ndugu waliokuwa wakiungama dhambi zao hadharani na kuita jambo hilo kwenda nuruni. Baadaye alirudi kwao akawa askofu. Askofu mkuu wake alikuwa Janani Luwum, Mwacholi, naye mtu wa Uamsho vile vile. Mwezi Februari mwaka 1977, baada ya askari kuipekua nyumba ya Luwum usiku, maaskofu walimwandikia Idi Amin barua kulalamikia mauaji yaliyokuwa yakiendelea nchini. Tarehe 16 waliitwa Kampala, mbele ya askari na silaha zilizopangwa uwanjani, wakashutumiwa kwa njama. Wengine waliruhusiwa kwenda, Luwum alizuiwa. Kivengere alikuwa miongoni mwa waliobaki nje wakimsubiri hadi walipofukuzwa. Kesho yake serikali ikatangaza kwamba askofu mkuu amekufa kwa ajali ya gari, na watu wakauona mwili wake ukiwa na matundu ya risasi.

Siku chache baadaye Kivengere aliarifiwa kwamba naye anatafutwa. Yeye na mkewe, Merab, waliondoka usiku, wakaacha gari barabara ilipoishia, wakapanda milima kwa miguu hadi wakavuka kuingia Rwanda.

Wanaume hawa wawili walikuwa na imani moja, waliisoma Biblia moja, na walikuwa katika hatari moja ndani ya juma moja. Mmoja aliendelea kukaa katika nafasi yake hadi akauawa, mwingine alikimbia akaishi miaka 11 zaidi. Ni nani kati yao aliyefuata Maandiko? Nilipokuwa kijana nilidhani lazima jibu liwe moja. Mchungaji mwema huutoa uhai wake kwa ajili ya kondoo, asema Bwana katika Yohana 10, na hilo ndilo tuliloliona kwa Luwum. Lakini Bwana yule yule katika Mathayo 10:23 anawaambia wanafunzi wake wakifukuzwa katika mji mmoja wakimbilie mwingine. Hakuna kati ya hao wawili aliyeusoma mstari wake kwa mara ya kwanza usiku ule. Walikuwa wamesoma kwa miaka, katika vikundi vya ndugu, wakikosolewa na kuungama, hadi Neno likawa limewatengeneza kuwa watu wa namna fulani, na saa ilipofika kila mmoja alipiga hatua iliyokuwa mbele yake. Kivengere alipofika salama, jambo alilojikuta akipambana nalo lilikuwa chuki yake mwenyewe kwa Amin, na alisimulia waziwazi kwamba ilimlazimu kusamehe. Hilo lilikuwa jiwe lililofuata, naye hakuliona akiwa Kabale, alikokuwa askofu.

Ndiyo maana sina mbinu ya kuwapa leo ya kuyajua mapenzi ya Mungu. Nina ombi la kawaida tu, tena la kuchosha: someni. Someni kitabu kizima, si mstari wa siku unaoletwa na simu. Someni mkiwa na watu wawili watatu wanaowafahamu vya kutosha kuwaambia mnajidanganya, na mkiwa na mzee mmoja anayechambua mchele asiyevutiwa na vyeti vyenu. Someni wakati ambapo hamna swali, kwa sababu siku ya lori la saruji haitakuwa na muda wa kusoma.

Mchungaji amenionyesha saa, na najua wapo wenye mabasi ya saa kumi na moja alfajiri. Kabla ya sala, tusimame tusome kwa pamoja Zaburi ya 119 kuanzia mstari wa 105. Ila leo naomba tusikomee pale tulipozoea kukomea. Mstari wa 106 mtunga zaburi anaapa kwamba atazishika hukumu za haki, yaani akiisha kupewa taa anaahidi kutembea. Na wa 107, angali katika mwanga huo huo, anasema, "Nimeteswa mno, Ee BWANA, unihuishe sawasawa na neno lako." Aliye na Biblia amfungulie jirani yake asiye nayo.